Maziwa ya Mtoto Mmoja

Kila asubuhi nilianza na stovu. Niliipampu mpaka mkono ukauma, nikabandika sufuria ya maji, kisha nikaingia ghalani kutundika mizani. Ghala lilikuwa la pamba. Wakati wa msimu wakulima hujipanga pale na magunia yao, na karani wa kununua pamba huyaning'iniza kwenye kulabu ya chuma iliyopigiliwa katika boriti. Msimu ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kulabu ile ile tuliitundikia mizani yetu ndogo ya watoto, na chini yake kaptura ya turubai. Mtoto huingizwa miguu katika kaptura hiyo akabaki ananing'inia kama kuku anayepelekwa sokoni.

"Mwalimu, leo ratili moja ya mtoto ni bei gani?" Akwi aliuliza, kama alivyouliza jana na juzi. Alikuwa bibi aliyemleta mjukuu wake, na katika foleni ile hakuna aliyemshinda kwa maneno.

"Leo hatununui, mama. Tunapima tu."

"Hata wale wa pamba nasema napima tu. Mizani ya ghala hii haijasema kweli hata siku moja."

Wanawake walicheka, nami nikacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, kama nilivyozoea. Nilipanga pakiti za maziwa ya unga mezani. Apolot alikuwa wa kwanza, maana alifika mapema kuliko wote. Alimwingiza binti yake Acen katika kaptura. Mshale wa mizani ulitikisika, ukasimama pale pale uliposimama wiki iliyopita. Nikachukua pakiti ya Acen nikamnyooshea mama yake.

Mkono wangu haukufika. Mangeni alitokea nyuma yangu, akainyakua pakiti na kuitupa ndani ya gunia ilimotoka.

"Huyu hapati tena," alisema kwa Kiingereza. "Mwambie ni mwizi."

Sharti niseme tulikuwa nani na tulifikaje pale.

Mangeni alikuwa mwanafunzi wa udaktari kule Kampala. Wakati wa likizo ndefu chuo chao kiliwatawanya wanafunzi vijijini, kila mmoja na kituo chake, watibu watoto waliovimba miguu kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Yeye alipewa ghala letu, kati ya Tororo na Malaba, katika nchi ya Iteso. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Uganda, na wa Kenya ulikuwa mbichi bado. Watu walipoambiwa kwamba daktari anakuja na ni mweusi, tena mwana wa mpakani, Msamia wa Busia, wazee walifagia barabara wenyewe. Hakuna aliyewaambia kwamba hajamaliza masomo. Walimwita daktari, naye akaitika.

Mimi pia ni wa Busia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha ushonaji na mapishi katika shule ya misheni iliyokuwa karibu, na shule ilipofungwa niliombwa nimsaidie kama mkalimani. Kiteso changu ni cha kuombea maji, lakini akina mama wale walikuwa wamekwenda soko la Malaba tangu wasichana, na Kiswahili cha sokoni walikijua vizuri, ingawa mahali pa "wanasema" walisema "nasema". Mangeni naye alikijua. Mama yake na mama yangu wameuza samaki meza moja sokoni Busia, kwa Kiswahili hicho hicho. Lakini siku ya kwanza aliniambia, "Kazini ni Kiingereza. Wakisikia nazungumza kama wachuuzi, hawataniheshimu." Basi mama mwenye mtoto alisema jambo kwa Kiswahili, Mangeni akalisikia na kulielewa, kisha akageuza uso kwangu na kungoja nimwambie kwa Kiingereza.

Niliudhika, lakini mimi si mtu wa kugombana. Hata darasani wasichana walikuwa wakiniomba nipaze sauti. Nilifanya nilichoweza. Mangeni aliposema, "Mwambie huyu ni mchafu kama nguruwe," nilisema, "Daktari anaomba umwogeshe mtoto kila jioni." Aliposema, "Waulize kama wana akili," nilisema, "Daktari anauliza kama mmeelewa." Akina mama walinitazama mimi, wakamtazama yeye, uso wake na vidole vyake, wakajua.

"Mwalimu," Akwi aliniambia siku moja, "maneno ya daktari natoka marefu na uchungu, kwako naingia fupi na tamu. Hii sukari unanunua duka gani?"

Hapo nilicheka, lakini usiku wake sikucheka.

Sasa Acen. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Surua ilimpitia, ikamwacha na miguu iliyojaa maji. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Hakulia. Mtoto aliyevimba namna ile halii, anakutazama tu kama mtu mzima aliyekosewa. Dawa yake ni maziwa, na maziwa tulikuwa nayo: magunia yaliyopangwa mpaka karibu na mabati ya paa, mengine yamechanika na unga unamwagika sakafuni, panya wanaacha nyayo juu yake.

Kila mtu kijijini alimwita mama yake Mama Pacha. Aliitwa hivyo njiani, kisimani na kwenye foleni yetu, "Mama Pacha, sogea," "Mama Pacha, umeamkaje?" Acen alikuwa na dada, Apio, aliyetangulia kuzaliwa. Siku ya kwanza Apolot alipokuja alimletea Mangeni kuku wa shukrani, na aliwaleta wawili, weupe wote, wamefungwa miguu pamoja. Mama wa pacha hatoi kimoja. Akitoa yai, anatoa mawili. Akipewa kitambaa, anapewa viwili. Na mgeni anayemsalimu mtoto mmoja bila kumsalimu mwenzake huitwa arudi amalize salamu. Ndivyo ilivyo kwa Iteso, na ndivyo ilivyo kwetu Usamia. Mangeni aliwapokea kuku wote wawili. Mmoja alimla siku hiyo, wa pili siku iliyofuata.

Siku hiyo hiyo nilimwambia, kwa sauti yangu ndogo, "Daktari, mtoto huyu ni pacha."

"Mwenzake anaumwa?"

"Bado, lakini..."

"Nimekuuliza lakini?" Akanipa pakiti. "Mwambie haya ni dawa. Ni ya huyu peke yake. Asimpe mwingine hata tone."

Maneno yale sikuyatia sukari, kwa sababu sikuona pa kuitia. Niliyasema kama yalivyo. Apolot alinitazama sana, kama mtu aliyetazamia ndugu yake afungue mlango akaona anaufunga. Halafu akasema, "Ndiyo."

Wiki zikapita. Watoto wengine miguu ilikauka, wakaanza kulia, na ghala likajaa kelele nzuri. Mshale wa Acen haukupanda. Mangeni alikuwa amechora kwenye karatasi kubwa ukutani mstari wa kila mtoto, mistari yote inapanda kama ngazi, ila wa Acen ulilala kama nyoka aliyekufa. Kila alipopita pale alisonya.

Nilikwenda kwao Apolot alasiri moja. Mume wake, Ecweru, alikuwa kazini Malaba, anapakua mabehewa ya reli. Nilimkuta mama mkwe, Ariokot, anatwanga wimbi uani, na Apolot ameketi na vikombe viwili vya bati, vya buluu, vinafanana kama macho. Alikuwa anamimina maziwa kidogo huku, kidogo kule, anainama kutazama kama yamelingana, anaongeza tone. Apio alinywa kwanza. Acen alimtazama mpaka akameza, ndipo naye akafungua mdomo. Kikombe kiliisha kabla hajashiba. Apio naye hakushiba, na miguuni mwake, nilipomshika, ngozi ilikuwa imeanza kung'aa.

"Mama Pacha," nilisema, "si tulikwambia..."

"Mliniambia." Hakuinua uso. "Nikajaribu. Siku tatu nampeleka Apio kwa jirani, nampa Acen peke yake. Anafunga mdomo. Namlazimisha, anatema. Analala bila kitu, anatazama mlango. Mwalimu, hii watoto wamelala tumbo moja. Mimi nitamfundisha nani kula bila mwenzake?"

Ariokot alisimamisha mchi. "Wewe binti, wewe ni Msamia. Kwenu hakuna pacha?"

"Wapo, bibi."

"Basi aibu ni ya nani? Ya sisi ambao hatukwenda shule?"

Apolot akaniwekea mkono gotini, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. "Ni neno dogo tu. Mwambie daktari anipe ya wawili. Nyumba yenu imejaa maziwa."

Nilirudi karibu nakimbia. Mangeni alikuwa ameketi kwenye ngazi ya Landrova, anapiga viatu rangi. Nilimweleza kwa Kiingereza, yote, vikombe na jirani na ngozi ya Apio. Alisikiliza huku anatemea kiatu.

"Unadhani unanifundisha?" alisema. "Nyanya yangu alizaa pacha. Nimekulia ndani ya upuuzi huo. Kuku wawili, ndizi mbili, ngoma usiku kucha. Nilikwenda shule ili niondokane nao."

"Lakini kama unajua, pakiti moja zaidi..."

"Nikimpa pakiti ya mtoto asiyeumwa, profesa wangu atauliza ni ya nini. Nimwambie nini? Kwamba kwetu mtoto hali mpaka mwenzake ale? Anicheke mbele ya wenzangu?" Alikinyanyua kiatu akajitazama ndani yake. "Tena nikimpa huyu, kesho kila mwanamke atazaa pacha. Nenda ukapumzike, Elinah. Wewe moyo wako ni wa siagi."

Nilikwenda. Nilikaa kitandani na mikono yangu katikati ya magoti. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliuma, na hasira hiyo sikujua pa kuiweka, maana nilikuwa nimelelewa kuikunja kama kitambaa na kuirudisha sandukuni. Magunia hayakuwa yake. Maziwa hayakuwa yake. Yalikuwa yametoka mbali, yamevuka bahari, yamepanda treni kutoka Mombasa, yamepita Malaba mbele ya macho ya Ecweru, pengine yeye ndiye aliyeyapakua kwa mgongo wake, ili yafike umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa mtoto wake, yasimamishwe na kijana anayeona haya kwa sababu ya nyanya yake.

Asubuhi ile ninayoieleza ndiyo asubuhi ambayo profesa wake, Mzungu wa Kampala, alikuwa anatarajiwa. Angefika kabla ya saa sita kutazama watoto na mistari ukutani. Nilikuwa nimeona Mangeni ameamka mapema, amevaa koti jeupe na tai, na karatasi ya ukutani ameiandika upya. Mstari wa Acen haukuwamo. Hapo sikuelewa bado. Nilielewa aliponyakua pakiti.

"Mwambie ni mwizi," alirudia. "Mtoto anayepewa maziwa yote haya hawezi kukaa hivi. Anauza. Nimeyaona maziwa ya unga Malaba sokoni. Mwambie kuanzia leo jina lake limetoka, achukue mtoto wake aende kabla mgeni hajafika."

Stovu ndiyo iliyosikika, inavuma. Acen alikuwa bado ananing'inia katika kaptura, anazunguka polepole, mara anatutazama sisi, mara anautazama ukuta.

Nilifungua mdomo. Niseme kweli, maneno matamu yalikuwa yamekwisha kujipanga ulimini: Daktari anasema leo maziwa ni kidogo, mama, urudi siku nyingine. Angerudi siku nyingine. Angerudi na nyingine tena, wa kwanza kwenye foleni, mpaka siku moja asingekuwa na wa kumbeba.

"Anasema nini?" Apolot aliuliza. Alikuwa ameshajua. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Niliitazama pakiti ndani ya gunia.

"Mwalimu," alisema, "leo usitie sukari."

Nikamgeukia. Nilisema kwa Kiswahili, na sauti iliyotoka sikuitambua, ilifika mpaka wale waliokuwa nje wakasogea mlangoni. "Anasema wewe ni mwizi. Anasema unauza maziwa Malaba. Anasema jina lako limetoka, uchukue mtoto wako uende kabla mzungu hajafika."

Kelele zilipanda kama nyuki. Akwi alimkabidhi mjukuu wake kwa mwenzake, akasimama mikono kiunoni. "Mwizi nani? Huyu? Siku natoa kuku wawili, daktari hakuona mwizi? Alikuwa anaona mapaja tu!"

"Wanyamazishe," Mangeni aliniambia kwa Kiingereza. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Umewaambia nini? Waambie wajipange."

"Waambie mwenyewe," nilisema kwa Kiswahili.

"Zungumza Kiingereza."

"Sizungumzi. Mama huyu si yuko mbele yako? Kiswahili unakijua. Ndicho kilichouza samaki waliokulipia karo."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Mangeni alinitazama kama mtu aliyekanyaga jani akakuta lina miiba. "Elinah," alisema, na safari hii lilimtoka kwa Kiswahili bila yeye kutaka, "usinidhalilishe mbele ya watu."

"Yeye umemdhalilisha mbele ya nani? Mbele ya magunia?"

Nilimtoa Acen katika kaptura. Alikuwa mzito kwa maji tu. Chini ya maji hapakuwa na mtoto wa kutosha. Nikampa mama yake. Kisha nikaenda kwenye gunia, nikachukua pakiti ile aliyoitupa, nikaitia katika kikapu cha Apolot.

"Hii ya Acen," nilisema.

Nikarudi, nikachukua ya pili.

"Iweke chini hiyo," alisema Mangeni. Alisimama kati yangu na kikapu. Si mrefu sana, lakini nilikuwa sijawahi kumsogelea mwanamume kwa hasira, nami nilisogea mpaka nikasikia harufu ya rangi ya viatu. Akapisha. Sijui kwa nini alipisha. Labda alimwona Akwi nyuma yangu.

"Hii ya Apio."

Nje, mtu alisema gari linaonekana, vumbi lake liko upande wa Tororo. Mangeni alitupa jicho mlangoni, akaishika tai yake. "Nitakushtaki kwa profesa," alisema chini chini. "Nitamwambia umeiba mali ya chuo."

"Nishtaki," nilisema. "Nami nitamwambia ninayokwambia, na kwake nitayasema kwa Kiingereza, ili asikie vizuri. Mama huyu hakuuza hata kijiko. Ana watoto wawili, na ulimpa maziwa ya mmoja. Kila asubuhi watu wanamwita Mama Pacha mbele ya pua yako. Kuku alileta wawili ukala wawili. Hakuna mtu aliyehitaji kukufasiria. Ulijua, Mangeni. Ulijua tangu siku ya kwanza, ukaona haya kujua, ukamwacha Apio naye avimbe."